Uzi: Nyumba mpya, madirisha makubwa, joto lile lile. Kabla ya kununua AC, tazama hewa inatokea wapi

#1 Mchora_Ramani

Wakuu, kaskazi inakaribia, na kuanzia Desemba hadi Machi malalamiko ni yale yale: nyumba imekamilika, madirisha mapana, usiku hakulaliki. Naweka vipimo na hesabu kwa anayechora ramani sasa na kwa anayetaka kurekebisha nyumba iliyosimama. Nazungumzia pwani: Dar, Tanga, Unguja, Mombasa. Wa Arusha, Nairobi na Dodoma hali ya hewa yenu inadai mbinu nyingine, mkiuliza tutafika huko.

Pwani usiku haupoi vya kutosha. Mchana wa Februari nyuzi 32, alfajiri 25 au 26, na unyevu juu. Hewa ya namna hiyo haipozi kuta. Nafuu ya mtu inatokana na upepo unaopita mwilini na kukausha jasho. Hewa ikitembea mita 1 kwa sekunde juu ya ngozi, mwili unasikia kama joto limeshuka karibu nyuzi 3. Kwa hiyo ramani ichorwe upepo upite pale penye kitanda na pale penye makochi. Upepo unaopita juu ya vichwa, kwenye usawa wa pazia, haumsaidii aliyelala.

Chukua chupa ya soda tupu, puliza mdomoni mwake. Pumzi inakurudia usoni. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni chupa hiyo. Nje miti inatikisika, ndani hata pazia halisogei.

Hesabu ya kukadiria ni rahisi: uwazi halisi wa dirisha (mita za mraba) mara kasi ya upepo mara 0.5. Upepo ukigonga ukuta kimshazari, tumia 0.3. Chumba cha mita 3.5 kwa 4, dari mita 2.8, kina mita za ujazo 39. Kikiwa na uwazi wa mita 1 ya mraba upande wa upepo na mwingine kama huo upande wa pili (mabaharia wangesema goshini na demani), upepo wa mita 1 kwa sekunde unaingiza mita za ujazo 0.5 kila sekunde, yaani 1,800 kwa saa. Hewa ya chumba kizima inabadilika mara 46 kwa saa. Hicho ni chumba cha kulala usingizi.

Sasa fanya upande wa kutokea uwe mdogo. Uwazi wa kuingilia 1.0, wa kutokea 0.32. Hesabu ya matundu mawili yanayofuatana inakupa uwazi wa pamoja wa 0.30 tu. Tundu dogo ndilo linaloamua. Mtu anaongeza dirisha la mbele kutoka futi 5 hadi futi 8 na hapati kitu, kwa sababu nyuma hakuna pa kutokea.

Halafu kuna dirisha la slaidi la aluminiamu. Limenunuliwa la mita 1.5 kwa 1.2, yaani 1.8 za mraba. Linafunguka nusu: 0.9. Wavu wa mbu unakula theluthi hadi nusu ya upepo, hasa upepo mdogo wa usiku. Umelipia 1.8, umepata 0.5. Dirisha la bawaba linalofunguka nje linaachia karibu eneo lote, na luva za vioo vilevile. Ukichagua luva, kioo kisipungue milimita 5, upana usizidi sentimita 90 kwa fremu moja, na grili ikae upande wa ndani wa luva, ishikwe ukutani, maana vioo vinachomolewa kwa mkono.

Kipimo cha kulenga pwani: uwazi halisi wa kuingilia na kutokea kwa pamoja uwe karibu asilimia 20 ya sakafu. Chumba cha mita za mraba 14 kinahitaji 2.8, nusu huku na nusu kule. Kizingiti cha chini cha dirisha la upande wa upepo kishushwe hadi sentimita 60 kutoka sakafuni badala ya 90 au 100 tuliyozoea, kwa sababu godoro liko kwenye 55 hivi. Ghorofani weka grili imara, watoto wanapanda.

Mwelekeo. Urefu wa nyumba ulale mashariki kwa magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo kuta hizo mbili zinapokezana mwaka mzima. Na ndizo rahisi kuzitilia kivuli. Dar, jua la saa sita mchana mwezi Juni liko nyuzi 60 juu ya upeo upande wa kaskazini. Dirisha la urefu wa mita 1.2 linahitaji kivuli kilichotokeza sentimita 70. Upande wa kusini, Desemba, jua liko nyuzi 73 na sentimita 36 zinatosha. Ukuta wa magharibi hauna dawa ya namna hiyo, kwa sababu jua la saa kumi na moja jioni linaingia chini ya kibaraza chochote. Huko weka choo, stoo, ngazi. Tofali la inchi 6 lililokula jua la alasiri linatema joto chumbani hadi karibu saa tano usiku.

#2 Fundi_Lenta

Naongezea kwenye pa kutokea, maana hapo ndipo ramani nyingi za vyumba vitatu zinapofia: korido katikati, vyumba huku na huku, mwisho wa korido ukuta mtupu. Mlango ukiachwa wazi bado hewa haiendi popote. Mwisho wa korido panatakiwa dirisha, hata la futi 2 kwa 4, la bawaba.

Juu ya mlango weka fanlaiti, yaani kidirisha cha juu ya mlango. Kama bado hujafika lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), agiza fremu ya futi 8 badala ya 7. Futi 1 hiyo ya juu ifungwe luva au nondo na wavu. Kama lenta imeshamwagwa kwenye mita 2.1, USIIKATE. Lenta ya mzunguko ndiyo iliyofunga nyumba, ukiikata ukuta utapasuka pembeni. Panda juu yake. Lenta ina sentimita 20, unafika 2.3, na dari iko 2.8, kwa hiyo una nusu mita, kozi mbili za tofali. Toa tofali mbili pembeni kwa pembeni, unapata tundu la sentimita 90 kwa 23. Kabla ya kugonga panda darini uone kenchi zimekaa wapi. Tundu lisiwe chini ya mguu wa kenchi. Kuta za ndani ambazo kenchi hazizilalii hazina shida.

#3 Mama_Kibada

Asanteni kwa maelezo. Nyumba yenye paa la kuficha, bati jeusi, dari ya jipsamu, mita za mraba kama 100. Saa nne usiku ukigusa dari bado ina moto. Fundi ameshauri kutoboa ukuta juu ya dari na kuweka mabomba ya inchi 4 kumi na mawili kuzunguka nyumba. Yatatosha?

#4 Mchora_Ramani

Dada, hayatoshi. Bomba la inchi 4 lina uwazi wa mita za mraba 0.0079. Kumi na mawili ni 0.095. Funga wavu mdomoni, unabaki na 0.06. Kipimo kinachotumika kwa uwazi wa darini ni angalau 1 kwa 150 ya eneo la dari, yaani 0.67 kwa nyumba hiyo. Mabomba yale hayafiki hata sehemu ya kumi.

Tumia matofali ya matundu. Tofali la sentimita 45 kwa 23 lina eneo la 0.10, na likiwa na matundu asilimia 40 linakupa 0.04. Ukihesabu na wavu, panga 30: kumi na matano upande wa juu wa mteremko wa bati, kumi na matano upande wa chini. Yote yawe juu ya dari na chini ya bati. Ukiyaweka upande mmoja tu, tumerudi kwenye chupa ya soda.

Kuwa makini upande wa chini. Paa la kuficha lina mfereji wa ndani nyuma ya parapeti (ukuta mfupi unaoficha bati), na majani yakiziba mfereji ule maji yanapanda. Matofali ya matundu yakae chini ya sakafu ya mfereji, na parapeti itobolewe bomba la kufurika, sentimita 5 chini ya ukingo wa mfereji, ili maji yamwagike nje kabla hayajaingia darini. Fundi akiliruka hilo, mvua ya kwanza ya masika inashusha jipsamu.

Lakini hewa ya darini pekee haitakutosha. Joto kubwa la dari yako linashuka kwa mnunurisho: bati jeusi juani linafika nyuzi 65 hadi 70 na linaiangalia jipsamu moja kwa moja, kama mkate unavyoangaliana na mkaa. Kwa hiyo anza na rangi. Osha bati, piga praima ya bati, kisha rangi nyeupe ya paa mikono miwili. Bati jeupe safi linabaki chini ya jeusi kwa nyuzi 20 au zaidi kwenye jua lile lile. Pwani ukungu unalifanya kijivu, kwa hiyo lioshwe kila mwaka.

Kisha karatasi ya fedha chini ya bati. Upande unaong'aa uangalie CHINI, na chini yake pawe na hewa. Ukilaza karatasi juu ya jipsamu upande wa fedha ukiangalia juu, vumbi litaifunika na kazi yake itaisha. Isigusane na bati, acha angalau milimita 25, maana ikigusa inapitisha joto kama sufuria. Na umeme uzimwe kwenye meni swichi wakati wa kufunga: karatasi ile ni aluminiamu, pini moja ikipita kwenye waya paa zima linakuwa na umeme.

#5 Fundi_Lenta

Hapo kwenye paa la kuficha niseme wazi: ni umbo lililotunyang'anya kibaraza cha paa. Kuta zote nne ziko juani na mvuani. Anayelipenda alipende, lakini kila dirisha achore slabu ya kivuli juu yake, na darini apange matofali ya matundu tangu mwanzo. Matofali 30 wakati wa kujenga ni kazi ya siku moja. Kuyatoboa baadaye ni kazi ya wiki, vumbi na plasta mpya.

#6 binti_wa_Pangani

Wakuu, mnafungua darini, mnashusha madirisha, mnaweka fanlaiti. Mbu je? Uwazi wa chini ya paa ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria.

#7 Mchora_Ramani

Ni kweli kabisa, Anopheles anapanda ukuta na kuingilia pale paa linapokutana na ukuta. Kila tundu nililotaja lina wavu. Wavu wa matundu ya milimita 1.5 hivi unamzuia bila kuziba hewa kama ule wa macho madogo sana. Karibu na bahari usinunue wa chuma cha mabati, chumvi inauoza. Chukua wa faiba au aluminiamu. Dari nayo izibwe nyufa, hasa kwenye mashimo ya taa.

Kuna mbinu ya kupunguza hasara ya wavu ambayo watu hawaitumii vya kutosha: usifunge wavu kwenye dirisha, funga kwenye baraza. Baraza la mita 3 kwa 2.4 lina wavu wa mita za mraba 7. Hewa inapita taratibu kwenye eneo kubwa, haikwami, halafu inaingia kwenye dirisha la mita 1.5 lisilo na wavu. Faida yake utaiona usiku wenye upepo mdogo.

Na uoshwe. Pitisha kidole kwenye wavu wa dirisha linalotazama barabara ya vumbi: kinatoka na ukoko wa kijivu, na kila jicho limebaki nusu. Maji, sabuni na brashi laini, kila miezi mitatu.

#8 Kota_Za_Reli

Nyumba haina shida, shida ni ukuta wa fensi. Futi 8, umeachana na dirisha la chumba mita 1.5. Nini kifanyike bila kuubomoa?

#9 Fundi_Lenta

Ukuta mzima unaurusha upepo juu, na utulivu nyuma yake unaenda umbali wa mara kadhaa ya kimo chake. Dirisha lako limo ndani ya utulivu huo. Usiubomoe wote. Upande unaotoka upepo tu, kati ya nguzo na nguzo, toa tofali kuanzia sentimita 60 hadi mita 1.8 na ujaze ya matundu. Sehemu hiyo iwe wazi nusu au karibu na nusu, chini ya hapo upepo haupenyi vizuri. Kwa usalama pitisha nondo za milimita 12 ndani ya matofali wakati wa kujenga. Faragha ipo, mpita njia haoni ndani kama tofali ni nene na matundu yana pembe.

Jambo jingine ni pevingi. Uwanja wote ukipigwa pevingi upande wa upepo, hewa inapita juu ya mawe ya moto ndipo iingie sebuleni. Acha ukanda wa mita 3 wa nyasi mbele ya madirisha, na mti ukatwe matawi ya chini hadi mita 2.5 ili kivuli kibaki juu na upepo upite chini.

#10 Mzanzibari_Maskati

Salaam kutoka Maskati. Huku Juni mchana joto linapita nyuzi 40. Haya ya kufungua madirisha yanafaa kweli?

#11 Mchora_Ramani

Mchana hayafai, sheikh. Ngozi ya mtu iko kama nyuzi 35. Hewa yenye joto kuliko hapo inakutia moto badala ya kukupoza, hasa ikiwa na unyevu. Funga, tia kivuli nje ya kioo, fungua usiku tu, na katika miezi isiyo ya kiangazi kikali. Minara ya upepo ya nyumba za kale za Ghuba, kama ile ya mtaa wa Al Fahidi Dubai, ilichukua upepo juu ya mapaa ambako kasi ni kubwa. Ndani imegawanywa kwa kuta za kimshazari, upande mmoja unashusha hewa na wa pili unaivuta nje. Hata hivyo kiangazi watu walilala juu ya paa.

Na kwa kuwa nimeahidi wa bara: Arusha, Nairobi, Dodoma usiku unapoa kweli, kwa hiyo kuta nzito ni mali. Funga madirisha kuanzia saa tatu asubuhi, fungua jioni nje kukishakuwa na baridi kuliko ndani, acha wazi hadi alfajiri. Zege na tofali zinapoa, kesho yake zinanyonya joto la mchana. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce pamoja na Arup, linafanya hivyo kwa kupitisha hewa ya usiku kwenye sakafu zake za zege, likisaidiwa na feni.

Huko bara hata ngazi ya ghorofa inafanya kazi ya bomba la moshi. Tofauti ya nyuzi 5 kati ya ndani na nje, na kimo cha mita 6 kati ya tundu la chini na la juu, inavuta karibu mita za ujazo 0.85 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya uwazi. Pwani, tofauti ya nyuzi 1 na kimo cha mita 2, unapata kama 0.2. Ndiyo maana simshauri mtu wa Kigamboni alipie mnara wa kuvutia hewa. Afungue kuta zinazotazamana.

#12 Muuguzi_Zamu

Kwa wanaojenga zahanati msiishie kwenye starehe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2009 kuhusu hewa ya asili unataka wastani wa lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi ya kawaida, na 160 kwenye chumba cha magonjwa yanayosambaa kwa hewa kama kifua kikuu. Kwa hesabu ya post ya kwanza, lita 500 kwa sekunde ni wagonjwa nane wa wodi ya kawaida, lakini watatu tu wa kifua kikuu. Na usipange benchi la kusubiria demani ya chumba cha kifua kikuu, upepo unabeba.

#13 Kota_Za_Reli

Jiko la gesi nalo? Dirisha lipo juu ya sinki.

#14 Fundi_Lenta

Dirisha la juu linatoa mvuke na moshi. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati. Weka tundu jingine ukutani sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, sentimita 20 kwa 20, lenye wavu, litokee nje na si stoo. Mtungi ukiweza kukaa nje, bora zaidi. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kama dirisha liko wazi, ile hewa ya sumu haina harufu.

#15 binti_wa_Pangani

Utajuaje upepo unapita kabla ya kuanza kugonga ukuta?

#16 Mchora_Ramani

Washa kijiti cha udi. Anzia dirisha la upande wa upepo, kishike usawa wa godoro, tazama moshi. Ukilala na kuelekea mlangoni, hewa inapita. Ukipanda wima, imesimama. Ukirudi dirishani, basi dirisha hilo ndilo linalotoa na hujapata la kuingiza. Rudia ukiwa umefungua mlango, kisha mlango na dirisha la korido. Fanya saa nane mchana na tena saa tatu usiku, kwa sababu upepo wa bahari wa mchana na ule wa usiku hautoki upande mmoja.

#17 Mpangaji_Mtaa_wa_Pili

Na sisi tusioruhusiwa kugonga ukuta wa watu? Chumba mita 3 kwa 3.6, dirisha moja la slaidi, mlango unaangalia korido.

#18 Fundi_Lenta

Mkuu, fanya mambo matatu. Mlango wa pili wa fremu nyepesi yenye wavu, ufungwe kwa bawaba ndani ya fremu iliyopo, ili usiku mlango wa mbao uwe wazi na hewa ipate njia ya koridoni. Kama korido ina usalama, lakini.

Kisha feni ya kusimama: usiielekeze kitandani tu. Jioni jua likizama iweke dirishani ikipuliza NJE kwa saa moja, itoe hewa ya moto iliyojaa tangu mchana, ile ya koridoni iingie kuchukua nafasi. Baada ya hapo igeuze.

La tatu ni pangaboi, mwenye nyumba akiridhia. La inchi 56 linakula wati 75 hivi, AC ya BTU 12,000 inakula elfu moja na zaidi. Mapanga yawe sentimita 30 chini ya dari na yasipungue mita 2.3 kutoka sakafuni, kwa dari ya 2.8 fimbo fupi inatosha. Ukilibana darini kabisa halina hewa ya kuvuta juu yake, linazunguka bure. Ndoano ifungwe kwenye mbao ya kenchi au kipande cha 2 kwa 4 kilichopigiliwa kati ya kenchi mbili. Jipsamu haibebi pangaboi, itaanza kwa kupasuka mstari mwembamba kuzunguka kikombe. Ukiuona mstari huo, zima na usilale chini yake.